Umetumwa Mombasa kwa Miezi Michache: Mwongozo Kamili wa Mmishenari Mgeni

Asubuhi ya pili tangu afike, mgeni wetu kutoka Morogoro aliitwa na jirani, bibi wa makamo aliyeketi barazani akipepeta mchele. "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Kijana akaitika kwa adabu, akaingia ndani mbio, akatoka na ndoo ya maji imejaa pomoni, akaitua miguuni pa bibi. Bibi alicheka hadi ungo ukamponyoka na mchele ukamwagika. Alikuwa akimwita tu. Kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, njoo ni "ndoo".

Naanza na kisa hicho kwa makusudi. Mmishenari anayetoka Korea au Marekani hushuka hapa akijua kwamba hajui kitu, kwa hiyo huuliza, hungoja, husoma uso wa mwenyeji. Ninyi mnaotoka Tanzania, Kongo, Burundi au Uganda mnashuka na Kiswahili mdomoni, mkadhani mko kwenu. Hamko kwenu. Mko ugenini, ila kwa watu mnaosikizana nao, na ugeni wa namna hiyo ndio unaowaponza watu wengi, kwa sababu makosa yako hayahesabiwi kuwa ya mgeni. Yanahesabiwa kuwa ya mtu mzima asiye na adabu.

Mimi na mume wangu tumewapokea wengi nyumbani kwetu Kisauni: wa wiki 3, wa miezi 3, wa miezi 6. Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio ambao utayahitaji.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, nguo baadaye

Raia wa Tanzania, Kongo, Burundi au Uganda haombi eTA, ile idhini ya mtandaoni iliyochukua nafasi ya viza kuanzia Januari 2024. Unafika mpakani na pasipoti yako, unagongewa muhuri, unaingia. Urahisi huo umewapotosha wengi. Muhuri wa matembezi ni wa matembezi. Kuhubiri kila Jumapili, kufundisha shule ya Biblia au kuendesha mradi wa kanisa kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi hata kama hulipwi senti tano.

Kwa hiyo kanisa linalokupokea ndilo lianze safari hii kabla yako. Kwa muda wa miezi michache huombwa pasi maalumu. Kwa muda mrefu zaidi kuna kibali cha daraja la I, ambacho sheria ya uhamiaji ya 2011 imekitengea kazi za dini na hisani zilizoidhinishwa. Maombi hupitia Idara ya Uhamiaji kwa mtandao, na mwenyeji ndiye anayeandika barua ya kukuombea na kutoa cheti cha usajili wa kanisa lake. Kanisa likikwambia "wewe njoo tu, tutapanga ukifika", waulize wanapanga nini na lini. Wakikosa jibu, ahirisha nauli.

Vya kuwa navyo mkobani, si ndani ya sanduku: pasipoti yenye muda wa kutosha, barua ya utambulisho kutoka kanisa lililokutuma, barua ya mwaliko yenye anwani kamili ya utakapolala, na bima ya safari. Anayetoka Kongo, Uganda au Burundi asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hukubalika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuichoma jana yake ya safari hakukufai kitu.

Jambo dogo linaloudhi watu mpakani: mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea tangu tarehe 28 Agosti 2017 na faini yake ni ya mamilioni. Watanzania mmeshazoea, kwenu ni tangu Juni 2019. Wengine, funga viatu vyako kwenye kitambaa.

Hatua ya 2: Siku ya kufika

Ukipita mpaka wa Tanzania na Kenya wa Horohoro na Lunga Lunga, panga ufike mchana. Basi likichelewa utakuta feri ya Likoni na foleni yake, na usiku si wakati wa kujifunza feri. Mabasi mengi yana ofisi zake Mwembe Tayari. Mwenyeji wako akungojee hapo, usipande tuktuk ya kwanza inayokushika mkono.

Usibadilishe pesa na wanaume wanaozunguka mpakani na vibunda vya noti. Badilisha kidogo dirishani, kiasi cha chai na nauli. Nyingine zisubiri mjini.

Wanaotoka Goma, Bukavu, Bujumbura au Lubumbashi, sogezeni saa mbele kwa saa moja. Nimemwona mhubiri akiingia kanisani kwa furaha zote, Biblia kwapani, wakati watu wanaimba wimbo wa kufungia.

Kesho yake, nunua laini ya simu na uisajili kwa pasipoti yako mwenyewe. Usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata awe mzee wa kanisa. Kisha fungua M-Pesa siku hiyo hiyo. Tangu 2007 ilipoanza, nchi hii imehamia humo: muuza mchicha, konda, sadaka, maji ya mkokoteni, vyote hulipwa kwa simu. Aliye na M-Pesa ya Tanzania anaweza kutumiwa pesa na nyumbani moja kwa moja hadi kwenye laini ya Kenya. Na mtu akikupigia akilia kwamba amekutumia pesa kimakosa, umrudishie upesi, mwanawe yuko hospitalini, angalia salio lako kabla hujamhurumia. Nyingi za simu hizo ni za matapeli.

Makonda na wauzaji wana hesabu zao: ashara ni 10, mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100. Kibandani husemi "vocha" bali "kredo". Hela pia wanaielewa, ila watakwambia pesa.

Hatua ya 3: Jitambulishe kabla hujatambuliwa

Hii zamani tuliichukulia kama adabu tu. Sasa ni usalama wako.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, si mbali na Malindi, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Pwani nzima iliona picha zile. Tangu hapo mhubiri mgeni asiyejulikana ametoka wapi haangaliwi kwa jicho la zamani, na sioni kwa nini aangaliwe. Watu wamezika.

Basi wiki ya kwanza, kabla hujashika kipaza sauti, mwenyeji wako akupeleke kwa mzee wa mtaa, kisha kwa chifu. Nenda na nakala ya pasipoti na barua zako. Sema jina lako, unakotoka, kanisa lililokualika, unakolala na siku ya kuondoka. Dakika 10 zinatosha. Siku utakapoonekana ukiingia nyumba ya mtu na kundi la vijana, mzee wa mtaa ndiye atakayeulizwa "yule ni nani?" na ni vyema awe na jibu.

Na katika mafundisho yako jiwekee mipaka ambayo hata usiku wa manane katikati ya maombi hutaivuka: usimwambie mgonjwa aache dawa, usiwatangazie watu mfungo wa siku nyingi, usifundishe watoto faraghani bila mzazi au mlezi. Kama kanisa lako nyumbani lina desturi hizo, desturi zibaki huko.

Hatua ya 4: Sikiliza Kiswahili upya

Lipe sikio lako wiki mbili. Hapa watu wa Kimvita husema "ndia" kwa njia, "mato" kwa macho, "kitwa" kwa kichwa, "nti" kwa nchi. Watakuuliza "wataka nini?" badala ya "unataka nini?" Hawajakosea. Wewe ndiye mgeni, na lugha hii ilitungiwa mashairi katika kisiwa hiki kabla babu zetu sote hawajazaliwa.

Mtanzania akienda dukani husema "naomba sukari nusu." Hapa anaweza kujibiwa kwa utani, "waomba, kwani huna pesa?" Na yeye akisikia mteja mwenzake akisema "nipe mkate" hudhani pana ugomvi. Hapana ugomvi. Adabu ya Mombasa haikai kwenye "naomba", inakaa kwenye salamu. Ukilifikia duka la jirani bila "sabalkheri" au "hujambo", ukaanza na shida yako, umekwisha kujieleza wewe ni mtu wa namna gani. Jioni ni "masalkheri". Mzee mwamkie "shikamoo", atafurahi. Ukisikia "wambaje?" hukuulizwa umesema nini, umejuliwa hali. Jibu "sijambo".

Mwanamke mtu mzima mwite Mama au Bi pamoja na jina, au kwa jina la mwanawe. Mwanamume mtu mzima ni Mzee au Bwana. "Wewe" iliyo tupu ni ya watoto. Mlangoni piga hodi na ungoje ukaribishwe hata kama mlango uko wazi na unamwona mwenyewe amekaa.

Wakongo, nanyi mna neno moja kutoka kwangu: sauti. Kiswahili chenu ni kitamu lakini mnakisema kama mko ng'ambo ya mto. Mhubiri anayefoka katika mtaa wa nyumba zilizogusana kuta husikika mpaka kwa jirani mwenye mgonjwa.

Hatua ya 5: Nyumba, maji, joto na mbu

Huenda ukapewa chumba katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma pamoja na jiko na choo. Uani ni pa wanawake wakati wa asubuhi. Mgeni wa kiume asijitokeze huko kifua wazi na mswaki mdomoni. Akohoe kwanza.

Maji ndiyo somo kubwa. Mji huu unanyweshwa kutoka mbali, na bomba la kutoka chemchemi za Mzima, Tsavo, lilijengwa miaka ya 1950, watu wakiwa wachache. Leo mfereji, yaani bomba la nyumbani, unaweza kukauka siku kadhaa. Hapo unarudi kwenye kisima, na kisima cha Mombasa mara nyingi kina chumvi. Sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha ya machozi, nywele zinakakamaa. Maji matamu huletwa na mkokoteni katika mitungi ya lita 20. Sikiliza hapa, maana ni mtego mwingine wa lugha: ukimsikia mwenyeji akisema "leo tumepata maji baridi", hazungumzii friji. Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Mgeni wetu mmoja alipoambiwa "hayo ni maji baridi, usiyaoge" alidhani anahurumiwa asipate mafua. Akayaoga yote, mtungi mzima, akiimba.

Utaratibu wa nyumbani kwetu ni huu. Unaoga kwa maji ya kisima, kisha unajisuuza kwa kopo moja la maji baridi kuanzia kichwani. Kopo moja, si matatu. Nguo unazifua kwa ya kisima na kuzisuuza kwa baridi kama yapo. Ya kupikia na kunywa yanakaa kwenye ndoo yenye kifuniko jikoni, na ya kunywa yanachemshwa. Jerikeni zinapoletwa, mgeni mwenye nguvu huzipokea mlangoni. Hakuna hubiri litakalokupatia heshima ya haraka kuliko hilo.

Joto: kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, hewa ni nzito na usiku haupoi. Mvua za masika huja Aprili na Mei, na barabara za Kisauni hugeuka mito. Kuanzia Juni upepo wa kusi hutuliza mambo, na huo ndio wakati mzuri wa kuja kama una hiari. Suti moja yatosha. Mchungaji wa kutoka Kongo alikuja na suti 3 zenye vizibao ndani; baada ya ibada ya kwanza alikamua shati uani kama aliyetoka kuogelea. Leta pamba nyepesi, ndala, na kitambaa cha jasho.

Mbu usimfanyie mzaha, hasa unayetoka nyanda za baridi kama Mbeya, Arusha au Bukavu, kwa kuwa mwili wako haujazoea malaria yetu. Lala ndani ya chandarua kila usiku. Ukishikwa na homa, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, usinunue vidonge kwa kukisia. Tena si kila homa ni malaria. Mombasa imewahi kukumbwa na dengi na chikungunya, ambazo huletwa na mbu anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji safi yaliyoachwa wazi. Funika pipa. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani watu huiita Makadara. Ukisema jina hilo, kila mwenye tuktuk anapajua.

Hatua ya 6: Kutembea mjini

Ramani isikutishe. Katikati ni kisiwa, na kina milango mitatu unayopaswa kuijua. Daraja la Nyali laenda kaskazini: Kisauni, Bamburi, hadi Mtwapa. Makupa yaenda bara: Changamwe, Mikindani, uwanja wa ndege, na Miritini kwenye treni ya SGR. Feri ya Likoni yaenda kusini, Diani na mpaka wa Tanzania, na anayevuka kwa miguu halipi. Uliza kila matatu inapita mlango gani, utakuwa umejua nusu ya mji.

Uliza nauli kabla hujapanda, kwani mvua ikinyesha au jioni ikiingia bei hupanda. Simu usiishike dirishani. Mahali pa kukutana na mtu pawe Mapembeni, penye yale meno makubwa ya ndovu barabara ya Moi, hakuna anayepotea.

Hatua ya 7: Mavazi na leso

Dada zangu, mabega na magoti yafunikwe, nanyi mtapita popote. Akina kaka, kaptula ni ya ufukweni.

Leso (mnayoiita khanga) ni jambo lenye uzito. Kila leso ina jina, yaani yale maandishi, na jina husomwa. Binti mmoja wa kutoka Lubumbashi alinunua leso nzuri ya rangi ya chungwa pale Biashara Street, akajifunga, akaenda nayo kumjulia hali jirani aliyejifungua. Leso iliandikwa "Hasidi hana sababu". Mwenye nyumba alimpokea, akampa chai, akaisoma mbele, akaisoma nyuma alipogeuka. Siku 3 hakutusemesha. Ilibidi niende mwenyewe kueleza kwamba mtoto hakusoma, alipenda maua tu. Kabla hujanunua, soma. Kabla hujamzawadia mtu, soma mara mbili.

Hatua ya 8: Kula

Hapa sina maneno mengi, tumbo litakufundisha. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, si maandazi. Jioni viazi karai na ukwaju, au mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu kando ya bahari pale Mama Ngina. Kahawa chungu huletwa na kashata, na kikombe chake ni kidogo kwa sababu nzuri. Kula kwa mkono wa kulia. Sinia ikiwa ni moja, kula upande wako. Usiulize kama nyama ni halali; kwa Waislamu ni halali, na wewe kazi yako ni kushukuru.

Hatua ya 9: Jirani Mwislamu

Wengi hunijia na mpango tayari: vijizuu, vile vikaratasi vya Injili, vimechapishwa, wanataka wavigawe Mji wa Kale siku ya Ijumaa. Huwa nawaambia wakae chini kwanza niwape habari za Krapf.

Johann Ludwig Krapf alikuja kukaa Mombasa Mei 1844. Alikuwa Mjerumani, ametumwa na shirika la Kianglikana la CMS. Miezi miwili tu, Julai, homa ilimchukua mkewe Rosine, na kichanga chao cha kike kikafuata siku chache baadaye. Wamezikwa upande huu wa Nyali. Akabaki peke yake katika mji wa Kiislamu, mgonjwa, hana kanisa wala muumini mmoja. Aliyemsaidia katika kuanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, kitabu cha Mwanzo, alikuwa kadhi wa Mombasa. Kadhi! Yafikirie hayo kabla hujamwita jirani yako adui wa Injili. Kamusi ya Kiswahili aliyoiandaa Krapf ilichapwa 1882, yeye alishafariki. Idadi ya waliobatizwa kwa mkono wake hapa ilikuwa ndogo mno. Kwa hesabu za ripoti zenu za kila mwezi, angeitwa nyumbani.

Sasa desturi zenyewe. Usigawe vijizuu mlangoni pa msikiti wala kwa watoto. Usipewe sifa za bure kwa kuwapa watoto peremende wasimame kwenye picha. Adhana ikiwa inasomwa, punguza spika zenu, haitakugharimu kitu. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Nyumbani kwako ni ruhusa yako. Jioni jirani akikuletea sahani ya futari, ipokee kwa mikono miwili, na sahani isirudi tupu: tia embe, tia chapati, tia chochote. Sisi Krismasi tunazirudisha zote kwa pilau, na Idi zinarudi tena, na sijui ni ya nani iliyoanza.

Kukiwa na msiba, nenda. Usiende kuhubiri. Keti na watu, saidia kubeba viti, mwanamke afunike kichwa na aingie upande wa wanawake. Ukiulizwa unaamini nini, jibu bila kuficha na bila kulinganisha. Utaulizwa, wala si mara moja, maana watu wa hapa wanapenda mazungumzo ya dini barazani na wengine wanaijua Biblia yako kwa sura na aya. Usiingie kwenye mashindano. Mwanamume azungumze na wanaume, mwanamke na wanawake.

Hatua ya 10: Huduma yenyewe

Wiki mbili za mwanzo omba usipewe mimbari. Kaa nyuma, jifunze majina, fagia. Wachungaji watakung'ang'aniza kwa sababu mgeni huhubiri, ndiyo heshima yetu. Salimia kwa dakika 3, ukae.

Fedha: amueni mapema wewe na mwenyeji nani anatoa, kiasi gani, kwa njia gani. Mtu akikujia faraghani na shida yake, na watakujia, jibu lako ni moja: "nitazungumza na mchungaji." Ukimpa mmoja noti kisirisiri, kesho watajua 10, na utakapoondoka utamwachia mchungaji madeni ya ahadi zako. Neno "nitaona" hapa husikika kama "ndiyo". Kama jibu ni hapana, sema hapana kwa upole.

Picha: Kenya ina sheria ya kulinda data za watu ya 2019, na picha ya mtoto yataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Sheria kando, jiulize kama ungependa mwanao arushwe mtandaoni huko ugenini akiwa na kamasi, chini yake maneno "wanahitaji msaada".

Kesha lenye spika liulizwe kwanza kwa mzee wa mtaa.

Hatua ya 11: Wiki ya tatu

Sijui ni kwa nini huwa ya tatu, ila nimeiona mara nyingi. Mgeni ananyamaza. Chakula hakiliki, kila mtu anamcheka, sauti za uani zinamkera, na aibu juu yake, kwa kuwa huku si Ulaya, ni Kenya tu, mtu analilia nini? Lia. Kisha fanya haya: lala mchana, piga simu nyumbani mara mbili kwa wiki na si mara mbili kwa siku, tafuta mtu mmoja wa rika lako asiyekuwa mchungaji wako, na utoke.

Panda matatu ushuke Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Freretown, makazi ambayo CMS iliyaanzisha 1875 kwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Siku nyingine nenda Rabai, karibu na Mazeras, ambako Krapf na mwenzake Rebmann walihamia 1846. Kanisa la zamani sasa ni makumbusho. Palepale Rabai na jirani zake ni nchi ya Wamijikenda, na makaya yao, misitu mitakatifu, yamo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Usiingie kaya bila mwenyeji. Ukirudi, pitia Kongowea ununue embe.

Hatua ya 12: Kuondoka

Wiki mbili kabla, mkabidhi mtu wa hapa kila ulichokuwa ukikifanya, akiwa amesimama mbele za watu na wewe umekaa. Rudisha vitabu, funguo na madeni, hata ya mbaazi. Waage mzee wa mtaa na chifu uliojitambulisha kwao, maana aliyeingia kwa hodi hutoka kwa kwaheri. Zungukia majirani mmoja mmoja. Utapewa leso, soma jina lake mbele ya aliyekupa na ulifurahie, kwani amelichagua.

Angalia tarehe ya pasi yako, usiipite hata siku moja. Na laini yako ya simu ikikaa miezi kadhaa bila kutumika itafungwa, kwa hiyo kabla hujavuka Lunga Lunga toa pesa zote zilizobaki kwenye M-Pesa. Kama ni shilingi za chai tu, mtumie yule bibi wa ndoo. Namba yake utakuwa nayo.